Kuku Waliomtangulia Waya

Waya hakuzaliwa na jina hilo. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu ni mwembamba, na kwa sababu hajawahi kuonekana bila kipande cha waya mfukoni, begani au, siku za kazi nyingi, mdomoni. Ni fundi wa kompyuta, redio na chochote chenye swichi. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma, meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, na rafu ya mashine zinazongoja vipuri ambavyo havitengenezwi tena. Wateja humwita fundi na humsikiliza akiongea. Akiwaambia kitu kimekufa, wanakubali kimekufa na kukiacha hapo hapo.

Hayo ni ya mtaani. Kwao ni habari nyingine kabisa. Kwao Waya ni kitinda mimba, na aliyewahi kuwa kitinda mimba katika nyumba yenye kaka kama Kaka Mkubwa hana haja ya kuelezwa. Ninyi wengine tulieni niwaeleze.

Kaka Mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule, ualimu mkuu haukumstaafu. Akifika mahali watu wanaongea, husimama mlangoni mpaka wanyamaze ndipo asalimie. Anayemfuata ni Dada Nesi, anayeishi na mama yao, mwenye roho nzuri na mdomo usio na kitasa: ukimwambia jambo, umelitangaza redioni. Kisha kuna Dereva, wa malori ya safari ndefu, ambaye kazi yake katika kila ugomvi ni kuuchochea halafu akae pembeni acheke. Mwisho ndiye Waya. Tangu utotoni kila kitu kilikwenda kwa foleni ya kuzaliwa: kuoga, kupakuliwa, kuvaa viatu, na hasa kusema. Viatu vilimfikia Waya vikiwa vimeshazeeka. Zamu ya kusema ilipomfikia, ama chakula kilikuwa kimekwisha ama watu walikuwa wameshalala. Hakuna aliyemfanyia hivyo kwa ubaya, ndivyo nyumba ilivyokwenda tu.

Siku hizi wametawanyika, na mama yao magoti yamemgomea, hasafiri. Walijaribu simu za pamoja zikawashinda, kwa kuwa Kaka Mkubwa alifungua kila simu kwa hotuba, na laini ilikatika akiwa bado kwenye shukrani. Ndipo Waya akaleta gemu. Si gemu ya kupigana risasi, ni ile ya kujenga: unapewa ardhi tupu, unakata miti, unachimba mawe, unajenga, unafuga, na wenzako popote walipo wanakuona unatembea na wanakusikia unaongea. Ili wote wakutane kwenye ardhi moja, lazima pawe na kompyuta moja inayoishika ardhi hiyo na kuwafungulia watu mlango. Hiyo ndiyo huitwa seva. Waya aliiweka kwenye kompyuta ya karakana, ile ile anayofanyia kazi za wateja, iliyokaa chini ya meza na feni yake inakoroma.

Mama alikuwa wa kwanza kuipenda. Siku ya kwanza Dada Nesi alimshikia tableti. Siku ya pili akaambiwa aache kushika vitu vya watu. "Humu magoti hayaniumi," mama alisema, akapanda mlima wote bila kupumzika, akajenga banda la kuku huko juu. Tangu hapo Jumapili baada ya chakula cha mchana ikawa saa ya familia, na asiyetokea alitakiwa kujieleza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Seva ina ngazi za ruhusa. Kuna mgeni, huyu anaangalia tu. Kuna mchezaji, anajenga na kubomoa. Na kuna msimamizi, mwenye amri zote: kumtoa mtu nje, kumnyamazisha, kugeuza usiku kuwa mchana, kuumba mnyama kwa neno moja. Waya alijiweka msimamizi peke yake. Si kwa kiburi, kila fundi anajua kwamba ukigawa funguo kwa kila mtu basi huna mlango. Lakini siwezi kumpaka mafuta: utamu kidogo ulikuwepo. Ilikuwa sehemu pekee duniani ambapo wakubwa walipiga hodi na yeye ndiye aliyefungua. Alikuwa akitabasamu peke yake chini ya meza, akijidai anatafuta bisibisi.

Dereva akamchomea.

"Kaka, unajua Waya akikasirika anaweza kukutoa humu?" alisema Jumapili moja, kwa sauti ya mtu asiye na kosa. "Hata wewe."

Kaka Mkubwa akakohoa kile kikohozi ambacho wanafunzi wake wote wangekitambua. "Yaani mtoto niliyemfunga kamba za viatu ndiye anayenishikia mlango?"

"Ni mambo ya kitaalamu tu, kaka," alisema Waya.

"Utaalamu usio na adabu mimi siutaki."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Waya akampa usimamizi. Dada Nesi akauliza yeye amekosa nini, akapewa. Dereva akapewa ili asinune. Mama alipoulizwa alisema yeye aachiwe kuku wake, mengine hayamhusu. Waya akaandika majina ya wasimamizi kwa mfuatano wa kuzaliwa, lake mwisho. Programu haijali mfuatano hata kidogo, ila mkono wake haukukubali kuandika vinginevyo.

Haikuishia hapo. Siku si nyingi Kaka Mkubwa akalalamika kwamba akiongea sauti yake inakatika. Alisema kweli. Kompyuta ile ilikuwa na kazi nyingine nyuma, picha za harusi za wateja zilikuwa zikinakiliwa. Na kompyuta ina foleni yake, kama dirisha la dawa hospitalini: kila programu inasogea dirishani, inahudumiwa kidogo, inarudi nyuma, nyingine inaitwa, upesi kiasi kwamba mtu haoni. Kila moja ina daraja la kipaumbele, na ya daraja la juu huitwa kwanza. Lipo daraja la juu kupita yote. Ukiiweka programu hapo haingoji mtu, na ikizidiwa na kazi haibanduki dirishani. Nyuma yake wanasimama wote, pamoja na kibodi na kipanya, maana yake na wewe mwenyewe mwenye kompyuta.

Waya alilijua hilo. Huwagombeza wateja kwa hilo hilo. Kompyuta yenyewe ilimwuliza kama ana uhakika. Lakini sikioni Kaka Mkubwa alikuwa akisema "mbona naka, mbona nakati," na kidole kikabonyeza ndiyo. Kazi nyingine zote akazishusha. Ile ya kuhifadhi nakala ya akiba ya ardhi yao aliishusha chini kuliko zote, ikawa haipati zamu wiki nenda wiki rudi. Fundi mzima, jamani. Mtu angemletea kompyuta iliyopangwa hivyo angemcheka mpaka kesho.

Yote haya yangebaki vichekesho vya nyumbani kama Waya asingekuwa na neno la kusema. Na neno lenyewe lilikaa chumba cha pili, nyuma ya ukuta, likishona nguo. Mtaa ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, kwa kuwa husema kidogo na panauma. Alimzidi Waya miaka michache, na aliwahi kuolewa akaachika. Waya hakuona tatizo kwa lolote kati ya hayo, ila aliwajua ndugu zake. Walipendana tangu siku Waya alipokwenda kumtengenezea mota ya cherehani, akamaliza mapema, akakaa mpaka jioni akijifanya bado inasumbua. Sasa alitaka kumwoa. Kwao jambo kama hilo husemwa mbele ya wote, mama akilisikia kwa masikio yake. Kumpigia simu haikuwezekana, kwa kuwa simu ya mama ndiyo simu ya Dada Nesi. Ikabaki Jumapili.

Na kila Jumapili Waya alifungua mdomo. Mara Kaka Mkubwa alikuwa akiwatembeza kwenye shule aliyoijenga humo ndani, darasa kwa darasa, na hakuna mwanafunzi hata mmoja. Mara Dereva alikuwa na kisa cha tairi. Siku moja alifika mbali kabisa, alisema "Nilikuwa na jambo," na Dada Nesi akamwambia ngoja nimalize. Akangoja. Mwenzake hakumaliza.

Sindano alivumilia. Halafu siku moja, akikata uzi kwa meno, akasema, "Jumapili hii nitakuja kukaa hapo karakanani nisikie mwenyewe. Ukisema, umesema. Usiposema, usiniambie tena habari za kusema."

Waya akacheka. Sindano hakucheka.

Jumapili ikafika. Sindano aliingia na kitenge chake cha kupinda, akavuta stuli, akakaa karibu na spika. Waya alivaa shati lililopigwa pasi, ingawa kule alikokuwa akienda hakuna aliyekuwa akiliona. Alivaa maiki, akaingia. Mama alikuwa tayari ameshafika kwenye banda lake. Dada Nesi akaingia, Dereva akaingia, na mwisho Kaka Mkubwa, kwa kuwa mwalimu mkuu haingii darasani kabla ya wanafunzi.

Waya akapiga moyo konde. "Jamani, leo kabla ya yote mimi—"

"Leo," alisema Kaka Mkubwa, "tutakwenda kwa utaratibu. Mnaingiliana sana. Nitawanyamazisha wote, kisha nitampa nafasi mmoja mmoja kuanzia juu."

Akaandika amri. Hapo hapo maiki zote zikafa isipokuwa yake. Waya alisema, akasikika karakanani tu. Sindano akainua macho.

"Ameninyamazisha," alisema Waya.

"Kwenye seva yako?"

"Nilimpa ruhusa."

Sindano akarudi kwenye pindo lake. Waya aliandika amri ya kujirudishia sauti, na kabla hajaibonyeza, Kaka Mkubwa akapata wazo jipya. Alitaka kumfurahisha mama. Alikuwa amejifunza amri ya kuumba kuku, akaandika waje kuku wengi, tena idadi ya kutosha shule ya bweni. Hawakutokea mara moja. Akabonyeza tena. Na tena, kwa hasira ya mtu aliyezoea kuitikiwa akiita. Ndipo wakaja.

Wakaja wote. Walijaa bandani, wakafurika uani, wakapanda juu ya paa, wakasimama wenyewe kwa wenyewe migongoni. Mama alionekana mara moja katikati yao, halafu zikaonekana mbawa tu. Seva ilitakiwa kuhesabu kila kuku anaelekea wapi na anadonoa nini, na kwa kuwa ilikuwa daraja la juu kupita yote, iling'ang'ania dirishani na haikumpisha mtu. Feni ikapiga kelele. Waya akabonyeza kibodi, kimya. Akasukuma kipanya, mshale ukabaki pale pale umeganda.

"Tulieni," sauti ya Kaka Mkubwa ilitoka vipande vipande kwenye spika, ingawa hakuna aliyekuwa anaweza kusema. "Tuli. Eni. Nyie."

Angewarudishia sauti, lakini amri ya kurudisha sauti hakuwahi kuiuliza. Ya kunyamazisha ilimtosha miaka yote.

"Kuna nini?" Sindano aliuliza.

Waya akamweleza: kuku, dirisha, foleni, kibodi. Alieleza vizuri kama anavyowaeleza wateja, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo alivyozidi kuona aibu.

"Kwa hiyo kuku wako mbele yako," alisema Sindano.

"Ndiyo."

"Kompyuta ni ya nani?"

"Yangu."

"Na aliyewaweka mbele?"

Waya alitazama skrini. Kuku mmoja aliganda akimwangalia. "Mimi," alisema.

Sindano akachomeka sindano yake kwenye kitambaa, akakikunja. Alikikunja taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho na hataki kuitangaza. Kisha akasimama.

Ilibaki swichi ya nyuma ya kompyuta. Waya alijua maana yake. Ardhi yao ilikuwa ikiandikwa diskini muda huo huo. Ukikata umeme katikati ya kuandika unaweza kukuta umebaki na takataka, na nakala ya akiba ilikuwa ya zamani. Mlima wa mama ungeweza kupotea, na banda lake, na mahali pekee asipoumwa magoti. Na ndugu zake wote wangetupwa nje bila hodi wala samahani, Kaka Mkubwa akiwa katikati ya sentensi. Waya akainama chini ya meza, akaizima.

Feni ikanyamaza. Sindano alikuwa ameshafika mlangoni, akasimama bila kugeuka.

Simu ikaanza kuita. Kaka Mkubwa. Waya akaiacha iite. Akawasha kompyuta, akangoja, jasho likimtoka kwenye shati lile la pasi. Ardhi ya leo haikufunguka, ilikuwa imeharibika kama alivyohofia. Akachukua nakala ya zamani. Ikafunguka: mlima ulikuwepo, banda lilikuwepo, kuku walikuwa wale wa mama tu. Shule ya Kaka Mkubwa haikuwepo, madarasa yote yamekwenda na maji.

Halafu akafanya kazi kama fundi. Akairudisha seva kwenye daraja la kawaida, ipange foleni kama wenzake. Akafungua ukurasa wa wasimamizi, akafuta jina la kwanza, la pili, la tatu, akaacha lake. Mlango akaufunga kwa wote isipokuwa mtu mmoja. Tableti ya mama ilikuwa ikijaribu kuingia yenyewe muda wote huo, na haikuchukua muda mama akatokea juu ya mlima, akageuka huku na huku.

"Mbona kimya hivi? Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko nje, mama."

"Nani kamtoa?"

"Mimi."

"Na Dereva?"

"Nje pia. Dada yuko hapo na wewe?"

"Nimemtuma maji ya moto. Jikoni kwenyewe mbali. Sema."

Waya akasema. Miezi yote aliyatengeneza maneno mazuri na sasa hakuliona hata moja, akayatoa yalivyokuja: kwamba kuna mtu, kwamba anashona, kwamba anampenda na anataka kumwoa, kwamba amemzidi umri na aliwahi kuolewa, na kwamba hayo mawili ya mwisho aliogopa kuyasema.

"Amekuzidi sana?"

"Kidogo."

"Baba yako nilimzidi mimi," alisema mama. "Hajui mtu mpaka leo, na kaka yako usimwambie, ataitisha mkutano. Kuwahi kuolewa si kitu, angalau hatashangaashangaa. Jambo hili unalo tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Zamu yangu haikufika."

Sauti ya mama ikashuka. "Zamu gani, mwanangu? Mimi nilikuzaa wa mwisho kwa sababu nilikuwa nimechoka kuzaa. Sikukuzaa wa mwisho ili uongee mwisho."

Nyuma ya Waya stuli ikavutwa. Hakugeuka kuangalia ni nani, kwa kuwa karakana ilikuwa na watu wawili tu.

"Yuko wapi huyo mtu?" mama aliuliza.

"Yuko hapa."

"Mvishe hiyo maiki, wewe nenda pembeni. Haya ni ya wanawake."

Akamvisha Sindano maiki, waya wake ukanasa kwenye hereni, wakasaidiana kuunasua. "Shikamoo mama," alisema Sindano, na kwa mara ya kwanza tangu Waya amfahamu, sauti yake ilitetemeka. Waya akaenda mlangoni. Simu ikaita tena, safari hii akaipokea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimetupwa nje, nagonga haufunguki. Seva yako imeniambia sina ruhusa. Mimi."

"Ni kweli kaka, huna. Nimeiondoa."

Kaka Mkubwa alivuta pumzi ndefu, ya mtu anayeanza hotuba. "Sasa nisikilize—"

"Subiri kidogo, kaka," alisema Waya. "Mama anaongea na mkwewe."

Waya aliweza kusikia saa ya ukutani sebuleni kwa kaka yake.

"Mkwewe yupi?"

"Nitakuambia wakimaliza."

"Na mimi nikae hapa nje mpaka lini?"

Waya aligeuka akatazama ndani. Sindano alikuwa akicheka kwa sauti, mkono mdomoni, na machozi yanamtoka.

"Mpaka wamalize, kaka."

Na Kaka Mkubwa, kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake azaliwe, akasubiri.